Mizani na printa ya pini vimegoma baada ya kompyuta ya ghala kupandishwa kwenda Windows 11

KaraniTandahimba

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika katika Wilaya ya Tandahimba, na kazi yangu kubwa msimu huu ni kupokea korosho ghafi za wakulima, kuzipima, kuingiza uzito na daraja kwenye kompyuta, na kumkabidhi kila mkulima stakabadhi yake iliyochapwa kabla hajaondoka ghalani. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, viongozi wetu waliamua kompyuta ya ghala ipandishwe kwenda Windows 11, na fundi akaifanya kazi hiyo jioni baada ya ghala kufungwa. Kompyuta yenyewe inawaka vizuri, faili zote zipo, na intaneti ya simu inaingia. Tatizo liko kwenye vifaa vinavyochomekwa.

Mizani yetu ya kidijiti ina kebo ya siriali ya zamani, ile yenye pini tisa, ambayo imeunganishwa na kebo fupi inayoishia kwenye USB. Sasa programu ya kupimia inasema haioni mizani yoyote. Nilipofungua Device Manager, yaani orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, nilikuta alama ya pembetatu ya njano, na jina la kifaa limegeuka kuwa maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa chipu hiyo iliondolewa sokoni tangu 2012 na kwamba niwasiliane na aliyeniuzia. Kifaa cha pili ni printa ya pini tunayochapia stakabadhi za nakala tatu. Jina lake lipo, tena lipo mara mbili, na moja limeongezewa neno Copy 1. Nikituma stakabadhi, kazi zinapangana kwenye foleni lakini karatasi haisogei.

Kinachonitatiza ni kwamba skana ya kusomea msimbopau wa lebo za magunia inafanya kazi bila shida, vilevile kibodi na kipanya. Duka moja la vifaa limenishauri tununue mizani mpya na printa mpya. Fedha hizo zitatoka kwa wakulima wenyewe, na sitaki kupeleka ombi hilo kwenye mkutano kabla sijajua ukweli. Kwa sasa ninaandika kwa mkono na kusoma uzito kwa macho, foleni ni ndefu, na nina hofu ya kukosea tarakimu za mtu aliyehangaikia shamba lake mwaka mzima.

Ofisini kuna kompyuta ya pili ambayo bado ina Windows 10. Msimu uliopita ndiyo iliyokuwa ikitumika na mizani hii hii. Bado haijaguswa. Naomba kujua kama vifaa vyetu vimekufa kweli, na kama havijafa, nianzie wapi.

MdauKilwaMasoko

Pole sana, dada Karani. Sisi tulio mwambao tunajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula ncha za USB taratibu, na ghala la korosho nalo lina vumbi lake. Kabla ya mambo mengine, zima kompyuta, chomoa kebo zote mbili, safisha ncha kwa brashi kavu na spiriti kidogo, ziache zikauke, kisha zichomeke kwenye matundu mengine. Ikishindikana, rudisha Windows 10: fungua Settings, ingia System, kisha Recovery, na ubonyeze Go back. Njia hiyo hubaki wazi kwa siku 10 tu tangu toleo lipandishwe, kwa hiyo usichelewe kuamua.

FundiShangani

Kusafisha ncha hakuna ubaya, lakini ndugu yangu wa Kilwa, katika jambo hili sioni chumvi kuwa ndiyo chanzo. Vifaa viwili visivyohusiana, vilivyo kwenye matundu tofauti, vikigoma pamoja usiku uleule ambao mfumo endeshi umebadilishwa, wa kuulizwa kwanza ni mfumo endeshi. Tena dada Karani ametupa ushahidi mzito pale aliposema kuwa skana ya msimbopau, kibodi na kipanya vinafanya kazi.

Skana nyingi za msimbopau hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Kwa kompyuta, lebo ya gunia ikisomwa ni kama mtu ameandika tarakimu zile kwa vidole haraka sana. Vifaa vya kundi hilo vinafuata kanuni moja inayojulikana na kila mfumo endeshi, na Windows huja na draiva yake ndani, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, kwa hiyo vinavuka kutoka toleo moja hadi jingine bila kutetereka. Kebo ya mizani na printa ya pini si vya kundi hilo. Vinategemea draiva iliyoandikwa na mtengenezaji wa kifaa au wa chipu iliyomo ndani yake, na draiva hiyo ndiyo inayoweza kuachwa nyuma, kubadilishwa na mpya isiyopatana na kifaa, au kukataliwa kabisa wakati toleo linapopanda. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo draiva yoyote ya biti 32 haina nafasi humo, na hata ya biti 64 ni lazima iwe na sahihi ya kidijiti inayotambulika. Kuna pia ulinzi uitwao Memory integrity, ambao kwenye kompyuta nyingi mpya huwa umewashwa tangu mwanzo, na huo huzikataa baadhi ya draiva za zamani hata kama zina sahihi.

Kwa hiyo, dada, usinunue kitu chochote kabla kompyuta haijakueleza yenyewe inachokiona. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, kisha bonyeza mara mbili kile kifaa chenye pembetatu. Kwenye ukurasa wa General utaona namba ya kosa, na namba hizo hazilingani kwa maana. Code 28 maana yake hakuna draiva iliyosakinishwa. Code 10 maana yake draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Code 39 huonyesha kuwa draiva imeharibika au haikuweza kupakiwa, na Code 52 kuwa sahihi yake haikuthibitika. Code 43 ndiyo inayonifanya nianze kukishuku kifaa chenyewe au kebo, kwa sababu hapo Windows imekisimamisha kifaa baada ya kifaa hicho kutoa taarifa ya hitilafu. Ukimaliza, nenda ukurasa wa Details, chagua Hardware Ids, na usome herufi na tarakimu zinazofuata neno VID. Hizo ndizo utambulisho wa aliyetengeneza chipu, bila kujali jina lililobandikwa juu ya kebo dukani. Kwenye kebo za siriali utakutana zaidi na tatu: 067B ni Prolific, 0403 ni FTDI, na 1A86 ni QinHeng wanaotengeneza CH340.

Kwa maneno uliyoyaona, natarajia utakuta 067B. Ujumbe ule huandikwa na draiva mpya ya Prolific inapokutana na chipu ya PL2303 ya kizazi cha HXA, ambayo kampuni iliiondoa sokoni 2012. Chipu haijafa. Draiva mpya ndiyo iliyoandikwa isiihudumie, na bandia zinazoiga chipu hiyo hupata ujumbe huohuo. Mizani haihusiki hata kidogo, kwa sababu hitilafu iko kwenye kile kipande kifupi cha kebo kati yake na kompyuta, na nasikitika sana kuona mtu anaambiwa anunue mizani kwa kosa la kebo.

Dawa yake ni kuirudisha draiva ya zamani. Katika Device Manager bonyeza kulia kifaa hicho, chagua Update driver, kisha Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list. Kama draiva ya zamani bado imehifadhiwa ndani ya kompyuta, utaona matoleo mawili au zaidi yenye tarehe tofauti. Chagua la tarehe ya nyuma, bonyeza Next, kisha uiwashe upya kompyuta kwa Restart. Nasisitiza Restart kwa sababu Shut down ya Windows za sasa, ikiwa Fast Startup imewashwa, haiufungi mfumo kikamilifu. Huhifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na draiva iliyokwama inaweza kurudi ikiwa imekwama vilevile.

Kuhusu Go back: ni njia halali, na kama foleni imekuwa ngumu kabisa unaweza kuitumia. Lakini itakurudisha kwenye mfumo ambao sababu ya kuuacha bado ipo, na tatizo la kebo utalikuta palepale siku mtakapopanda tena.

MwalimuNachingwea

Fundi ameeleza vizuri, nami naongeza mambo mawili ambayo naona yanahusu hali yako moja kwa moja.

La kwanza ni swali. Je, yule fundi alipandisha toleo juu ya mfumo uliokuwepo, au alifomati diski na kusakinisha upya? Kama alipandisha, angalia kwenye diski C kama kuna folda iitwayo Windows.old. Ndani yake, ukifuata Windows, kisha System32, kisha DriverStore, kisha FileRepository, utakuta draiva zote za mfumo wa zamani, na unaweza kuielekeza Update driver itafute humo. Folda hiyo hufutwa na Windows yenyewe baada ya muda, kwa hiyo inakili mapema kwenye flashi. Kama alifomati, draiva zile hazipo tena kwenye kompyuta hiyo, na hata kitufe cha Go back hakitakuwepo.

Hata hivyo unayo ile kompyuta ya ofisini, na hiyo ni bahati kubwa, maana imewahi kufanya kazi na mizani hiyohiyo. Chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda tupu iitwayo Draiva, kisha fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri hii, ukibadilisha herufi D iwe ile ya flashi yako:

pnputil /export-driver * D:\Draiva

Amri hiyo hunakili kila draiva iliyoongezwa na watengenezaji wengine wasio Microsoft, kila moja kwenye folda yake. Ya Prolific itaanza na ser2pl.inf, na mbele yake utaona amd64 au x86. Ikiwa ni amd64 itakufaa, hata kama kompyuta yako ni ya Intel, kwa sababu neno hilo linamaanisha biti 64 tu. Ikiwa ni x86, hiyo ni ya biti 32 na Windows 11 haitaigusa. Nakuomba usisakinishe folda nzima kwa mkupuo kwenye kompyuta ya ghala, kwa sababu ndani yake kuna draiva za kioo, sauti na mtandao za mashine nyingine. Ielekeze Update driver kwenye ile folda moja unayoihitaji, basi.

La pili ni intaneti ya simu. Watu wengi huku kwetu, ili kulinda bando, huiwekea Windows alama kwamba muunganisho huo una kipimo. Ni busara, lakini alama hiyo ikiwepo Windows haipakui draiva za vifaa vipya mpaka uiruhusu mahsusi. Fungua Settings, Bluetooth & devices, kisha Devices, na ushuke mpaka kwenye swichi inayotaja kupakua draiva kupitia miunganisho yenye kipimo. Iwashe kwa muda, halafu nenda Windows Update, Advanced options, Optional updates, na uangalie orodha ya draiva. Chagua ya printa peke yake ikiwepo. Ukiona humo ya Prolific, iache, kwa sababu huenda ndiyo ileile inayoikataa chipu yako.

Tafadhali pia usishawishike kupakua zile programu zinazojitangaza kuwa zitatafuta na kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Kompyuta yenye majina na akaunti za benki za wakulima haistahili kupewa programu ya mtu usiyemjua.

BintiMikindani

Mimi nina duka la huduma za uchapaji, na printa za pini ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nitasema juu ya printa tu.

Lile neno Copy 1 linaeleza mengi. Kwa kawaida hutokea kebo ya printa ilipochomekwa kwenye tundu jingine la USB, au Windows ilipoitambua upya, ikaichukulia kuwa ni printa nyingine na kuitengenezea mlango mpya, kwa mfano USB002 badala ya USB001. Programu yako bado inatuma kwenye jina la zamani, ambalo sasa linaelekea mlango usio na kitu. Fungua Printers & scanners, chagua jina la zamani, ingia Printer properties, kisha ukurasa wa Ports, na uangalie ni mlango gani umetiwa alama. Ubadilishe uwe ule unaotumiwa na Copy 1, halafu futa hiyo Copy 1. Ni bora kubaki na jina la zamani kwa sababu programu nyingi za stakabadhi hulitafuta jina hilohilo, herufi kwa herufi.

Kabla ya kujaribu, ondoa zile kazi zilizokwama. Fungua Services, tafuta Print Spooler, ile huduma inayosimamia foleni ya kuchapa, isimamishe, kisha fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute vilivyomo ndani yake, bila kuigusa folda yenyewe. Rudi uianzishe Print Spooler. Usiruke hatua hii, la sivyo stakabadhi zote ulizotuma tangu asubuhi zitatoka kwa pamoja na kukumalizia karatasi za nakala.

Ukiwa kwenye Printers & scanners, kagua swichi mbili. Moja ni ile inayoiruhusu Windows ikuchagulie printa ya kawaida, ambayo huifanya iliyotumika mwisho mahali hapo kuwa ndiyo ya kawaida. Izime. Nyingine ni Windows protected print mode, iliyokuja na toleo la 24H2. Ikiwashwa, draiva zote za watengenezaji huwekwa kando na printa za kisasa tu ndizo zinazofanya kazi, kwa hiyo printa ya pini haina nafasi. Kwa kawaida huwa imezimwa, lakini hakikisha.

Kama hata baada ya hapo draiva yenyewe haipo, tafuta kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli. Usitegemee sana Windows Update kwa printa kuukuu, maana Microsoft ilitangaza tangu 2023 kuwa inaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za makampuni mengine kwa njia hiyo. Na kama stakabadhi yako ni maandishi matupu bila nembo, kuna draiva iliyomo ndani ya Windows iitwayo Generic / Text Only. Ongeza printa kwa mkono, chagua mlango wake, mtengenezaji Generic, kisha jina hilo. Printa itatumia herufi zake yenyewe, na kwa uzoefu wangu huchapa kwa kasi zaidi kuliko kwa draiva ya picha, jambo linalosaidia sana watu wanapokuwa wamepanga foleni.

KaraniTandahimba

Mwalimu, shikamoo. Kaka Fundi na dada wa Mikindani, nashukuru sana, nanyi nyote mliojibu.

Fundi aliyekuja alipandisha toleo juu ya lililokuwepo, na Windows.old ipo. Nilifuata maelekezo ya Hardware Ids nikakuta VID_067B na PID_2303, na kosa ni Code 10. Kwenye orodha ya draiva kulikuwa na toleo moja tu, lile jipya, kwa hiyo nikaenda kwenye kompyuta ya ofisini na kutoa draiva kwa ile amri. Folda ya ser2pl.inf ilikuwa na neno amd64. Nimeielekeza Update driver kwenye folda hiyo, Windows ikaipokea bila kulalamika, na baada ya Restart pembetatu imetoweka. Hata hivyo programu ya kupimia bado inasema haioni mizani.

Printa sasa inachapa. Ilikuwa kama ulivyosema, dada, jina la zamani lilikuwa limebaki kwenye USB001 na printa iko USB002. Draiva ya mtengenezaji sikuipata, nimetumia Generic / Text Only. Ila stakabadhi ya kwanza inatoka mahali pake, ya pili inashuka kidogo, na ya tatu inaanza kuchapwa juu ya mstari wa kukatia. Naomba mnisaidie kwa haya mawili.

FundiShangani

Hongera, dada, umefika mbali. La mizani sasa ni dogo.

Fungua tena Device Manager, sehemu ya Ports, na usome namba ya COM, yaani ya mlango wa siriali, iliyo mwishoni mwa jina la kebo. Windows iliposakinisha draiva upya huenda imeipa namba mpya, wakati programu yako inaitafuta kwenye ile ya zamani. Angalia kwenye mipangilio ya programu ya kupimia ni COM ngapi iliyoandikwa. Kisha kwenye Device Manager bonyeza mara mbili kebo hiyo, ingia Port Settings, kisha Advanced, na ubadilishe COM Port Number iwe ileile. Ikikuambia namba hiyo inatumika ilhali huoni kifaa chochote chenye namba hiyo, fungua View, chagua Show hidden devices, na uondoe kile kilichofifia rangi, kwa kuwa hicho ni kivuli cha kebo kabla ya kupandisha toleo.

Kabla hujairudia programu, thibitisha kwamba mizani inazungumza. Pakua PuTTY, programu ya bure inayoweza kuonyesha kinachotumwa kupitia kebo ya siriali, chagua Serial, andika namba ya COM na mwendo wa kutuma data wa 9600, au mwendo wowote uliotajwa kwenye kitabu cha mizani, kisha ufungue. Weka gunia juu ya mizani. Ikiwa mizani imepangwa kutuma mfululizo, utaona mistari ikishuka, kila mmoja ukiwa na uzito na kg mwishoni, na kwenye mizani nyingi mstari huanza na ST uzito unapokuwa umetulia na US unapokuwa bado unacheza. Hapo kebo na draiva viko salama. Ukiona alama za ajabu zisizosomeka, mwendo haulingani, jaribu 4800 au 2400. Ukiona kiza kitupu, bonyeza kitufe cha Print kwenye mizani, maana nyingine hutuma pale tu zinapoamriwa. Funga PuTTY kabla ya kufungua programu yako, kwa sababu mlango wa COM huhudumia programu moja kwa wakati mmoja.

Jambo moja la kuangalia mbele: Windows Update inaweza siku yoyote kuirudisha ile draiva mpya, nawe utaona pembetatu imerudi. Ikitokea, rudia hatua ya kuchagua kutoka kwenye orodha, kwani sasa zote mbili zitakuwemo. Lakini ningekushauri uwaombe viongozi wanunue kebo moja ya akiba yenye chipu ya FTDI au CH340. Bei yake haikaribiani kabisa na ya mizani. Vilevile, kama siku moja ulinzi wa Memory integrity utaikataa draiva hii ya zamani, usiuzime ulinzi ili kuiokoa kebo, badilisha kebo.

BintiMikindani

Kuhusu stakabadhi kushuka: draiva mpya inaamini kuwa karatasi yako ni A4 au Letter, kwa hiyo kila ikimaliza stakabadhi inasogeza karatasi kwa urefu usio wake, na tofauti hiyo inajikusanya ukurasa kwa ukurasa. Pima kwa rula kutoka tundu la kukatia hadi tundu la kukatia linalofuata. Stakabadhi nyingi za nusu ukurasa huwa na urefu wa inchi 5.5, sawa na sentimita 13.97, lakini fuata rula yako na si maneno yangu.

Kisha kwenye Printers & scanners tafuta Print server properties, ukurasa wa Forms, tia alama Create a new form, ipe jina kama Stakabadhi, andika upana na urefu uliopima, uweke pembezoni zote sifuri, na uihifadhi. Rudi kwenye printa, ingia Printer properties, Device Settings, na uichague Stakabadhi mahali pa aina ya karatasi. Fanya hivyo pia kwenye Printing preferences, sehemu ya Advanced, kwa sababu ni sehemu mbili tofauti na ukisahau moja tatizo litabaki. Mwisho, zima printa, panga mstari wa kukatia usawa wa kichwa cha kuchapia, kisha iwashe. Printa ya pini huchukulia mahali karatasi ilipo wakati wa kuwashwa kuwa ndiyo mwanzo wa ukurasa.

KaraniTandahimba

Mizani inasomeka. Kebo ilikuwa imepewa COM7 na programu inatafuta COM3, na kivuli cha COM3 kilikuwepo kama alivyosema kaka Fundi. Kwenye PuTTY niliona mistari ya ST na kilo zake zikifanana na kioo cha mizani. Urefu wa stakabadhi zetu kwa rula ni inchi 5.5 kamili, na sasa zinatoka mfululizo bila kushuka. Leo mchana tumepokea korosho kwa kompyuta, na kila mkulima ameondoka na nakala yake.

Nimebaki na swali moja la mwisho kwa Mwalimu. Ile kompyuta ya ofisini tuipandishe sasa, au tusubiri?

MwalimuNachingwea

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi.

Msiiguse mpaka msimu uishe. Hiyo ndiyo kompyuta yenu ya akiba iliyokwisha kufanya kazi na mizani yenu, na ikiwa ya ghala itasumbua tena katikati ya minada, mtaihamishia mizani humo kwa dakika chache. Kwa wakati huo iondoeni kwenye intaneti kadiri inavyowezekana, na flashi zinazoingia humo zikaguliwe kwanza. Kama ni lazima iwe mtandaoni, Microsoft ina mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10. Kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufikia 13 Oktoba 2026, na kwa taasisi ni wa kulipia mwaka hadi mwaka, usiozidi miaka mitatu.

Siku mtakapoipandisha, ile folda ya Draiva iwe tayari kwenye flashi na nakala yake mahali pengine. Andika kwenye karatasi namba ya COM ya mizani, mwendo wake, jina kamili la printa na mlango wake, na vipimo vya karatasi. Halafu mwombe fundi asiondoke mpaka gunia moja limepimwa na stakabadhi yake imechapwa mbele yake.